Skripti ya mtiririko katika Apache Cocoon: dhana potofu na ukweli

Tangu toleo la 2.1 la mwaka 2003, Apache Cocoon, fremuweki ya Java inayotengeneza kurasa za wavuti kutokana na XML, humwezesha mtengeneza programu kuandika safari nzima ya mtumiaji, kuanzia fomu ya kwanza hadi ukurasa wa matokeo, ndani ya funksheni moja ya JavaScript inayosomeka kutoka juu kwenda chini; hiyo ndiyo skripti ya mtiririko. Urahisi huo umezaa dhana potofu kadhaa, na baadhi yake huharibu data za watu.

Ipo kwanza dhana kwamba, kwa kuwa ni JavaScript, skripti hiyo hutekelezwa kwenye kivinjari. Sivyo. Hutekelezwa kwenye seva na Rhino, injini ya JavaScript ya Mozilla iliyoandikwa kwa Java, na kivinjari hupokea ukurasa uliokwisha kutayarishwa tu.

Dhana iliyoshika mizizi zaidi inahusu amri ya cocoon.sendPageAndWait(). Msomaji akiona mstari mmoja unatuma fomu, na unaofuata unasoma alichojaza mtumiaji kwa cocoon.request.get("idadi"), hudhani kwamba seva imesimama palepale ikimngoja, na kwamba watumiaji elfu moja wakiacha fomu wazi wakaenda kunywa chai, seva italemewa. Ukweli ni kwamba ukurasa ukishatumwa, uzi wa utekelezaji, yaani njia ambayo seva huitumia kushughulikia ombi moja, huachiliwa ukahudumie maombi mengine. Kinachobaki kwenye kumbukumbu ni kontinuesheni, yaani rekodi ya mahali funksheni ilipofikia. Kila kontinuesheni hupewa kitambulisho chake, ambacho huwekwa kwenye anwani ambako fomu itatumwa, na ombi likirudi nacho, funksheni huendelea kuanzia pale ilipoachia. Gharama yake basi ni kumbukumbu, si nyuzi, na ndiyo maana kontinuesheni huwekewa muda wa kuishi katika faili la cocoon.xconf. Muda huo ukipita, aliyechelewa hukutana na hitilafu, na ni haki yake kuandaliwa ukurasa unaomweleza kilichotokea kwa lugha anayoielewa.

Imani ya hatari kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kwamba mtumiaji akibonyeza kitufe cha Nyuma kila kitu hurudi kilivyokuwa. Kinachorudi ni mahali pa utekelezaji. Rekodi iliyokwisha kuingia kwenye hifadhidata haifutiki, na vigeu vya jumla, yaani majina yanayoshika thamani yaliyotangazwa nje ya funksheni, hushirikiwa na madirisha yote ya mtumiaji katika sesheni yake. Tuseme mteja anaagiza jozi 2 za viatu, na skripti inaijumlisha idadi hiyo kwenye kigeu cha jumla. Akifika hatua ya pili akarudi nyuma kurekebisha anwani yake ya kupelekewa mzigo, kisha akatuma fomu upya, oda yake sasa ni ya jozi 4, naye hajui. Dawa ni kuiweka idadi katika kitu kilichoundwa kwa cocoon.createPageLocal(), ambacho hurejesha thamani za ukurasa husika mtumiaji anaporudi, na kuahirisha kuandika kwenye hifadhidata hadi athibitishe hatua ya mwisho.

Wapo pia wanaoamini kwamba, kwa kuwa skripti inaweza kuita madarasa ya Java (vipande vya msimbo vya lugha hiyo) moja kwa moja, ni sawa kurundika humo kanuni za bei na maswali ya SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata. Inawezekana, lakini kazi ya skripti ni kuamua ukurasa upi unafuata. Kanuni za biashara zikikaa kwenye madarasa ya Java hujaribiwa bila kuhitaji kivinjari. Zaidi ya hapo, muunganisho wa hifadhidata usiachwe wazi wakati mtumiaji anasubiriwa, kwa sababu asiporudi hakuna atakayeufunga. Soma data, funga muunganisho, ndipo utume ukurasa; na iwapo ukurasa wenyewe unauhitaji wakati wa kutengenezwa, sendPageAndWait hupokea, kama hoja ya tatu, funksheni itakayoufunga mara ukurasa unapokamilika.