Si Lazima Mgeni Awe na Mkenya wa 30%

Wiki iliyopita, barazani Mji wa Kale, kijana mmoja alinionyesha fomu aliyoletewa atie sahihi: yeye kijana awe, kwa jina tu, mkurugenzi na mwenye hisa 30% katika kampuni ya Mturuki mmoja, "kwa sababu sheria inataka". Nilimrudishia fomu nikamwambia aiweke chini kwanza, anywe kahawa.

Sheria haitaki hivyo. Uvumi huu una asili yake: Sheria ya Kampuni ya 2015 ilipotoka, ilikuwa na kifungu kilichodai kampuni ya nje inayosajili tawi Kenya iwe na 30% ya hisa mikononi mwa Wakenya wa kuzaliwa. Wawekezaji walilalamika, na kifungu kikafutwa. Lakini masikioni mwa watu hakikufutika.

Leo mgeni anaweza kufungua kampuni ya Kenya peke yake na kumiliki hisa zote. Akitaka tawi la kampuni yake ya nje, atahitaji mwakilishi anayeishi Kenya, ambaye si lazima awe na hisa.

Kuna sekta zenye masharti yake. Katika bima, kwa mfano, angalau theluthi moja ya umiliki iwe ya raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Na ardhi mgeni hukodi tu, isizidi miaka 99.

Kinachoniuma ni hawa vijana wetu. Ukiwa mkurugenzi wa jina tu, majukumu ni ya kweli, na kampuni ikiingia matatani utakayeulizwa ni wewe.