Treni ya umeme si ya juzi: dhana potofu na njia ya Frankfurt hadi Offenbach

Tangu treni za umeme za SGR, reli ya kisasa ya Tanzania, zianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, nimesikia mara nyingi kwamba hii ni teknolojia iliyozaliwa majuzi. Heshima kwa waliojenga reli hiyo, lakini miaka 140 kabla yake tayari watu walikuwa wakipanda gari la umeme kutoka mji mmoja kwenda mji jirani. Njia ninayoipenda kuliko zote ni ile iliyounganisha Frankfurt na Offenbach, Ujerumani, mwaka 1884. Ukiifahamu hiyo, mengi tunayoambiwa kuhusu mwanzo wa reli za umeme hayasimami.

"Wamarekani ndio walioanza"

Jina linalotajwa ni Frank Sprague na tramu zake, yaani magari ya abiria yanayopita kwenye reli za barabarani, za Richmond, Virginia, za mwaka 1888. Sprague anastahili sifa: alionyesha kwamba mji mzima unaweza kuendeshewa magari ya umeme mengi kwa pamoja. Ila hakuwa wa kwanza. Mwaka 1879, kwenye maonyesho ya Berlin, kampuni ya Werner von Siemens ilizungusha watu kwa treni ndogo ya umeme. Mwaka 1881 ikafungua tramu ya Lichterfelde, nje kidogo ya Berlin. Mwaka 1883 zikafuata njia za Mödling karibu na Vienna na Portrush huko Ireland. Ya Frankfurt ilifunguliwa hadi Oberrad, katikati ya njia, tarehe 18 Februari 1884, na tarehe 10 Aprili ikafika Offenbach. Kwa hiyo hii nayo si ya kwanza duniani, ingawa wapo wanaoiita hivyo.

"Ugumu ulikuwa kutengeneza mota"

Hapa ndipo ningependa msomaji atulie. Mota zilikuwepo. Kilichowatoa jasho wahandisi ni swali moja: gari linalokwenda utalipelekeaje umeme bila kukatika?

Lichterfelde walipitisha umeme kwenye reli zenyewe, volti 180, reli moja ikipeleka na nyingine ikirudisha. Ni rahisi kujenga, lakini mtu au farasi aliyekanyaga reli zote mbili kwenye kivuko alipigwa shoti. Huwezi kufanya hivyo kwenye barabara ya watu.

Kwa hiyo Frankfurt waliupandisha umeme juu. Usifikirie waya unaouona leo. Walitundika kwenye nguzo mabomba mawili ya chuma, sambamba, kila moja likiwa na ufa kwa chini kutoka mwanzo hadi mwisho. Ndani ya kila bomba kiliteleza kipande cha chuma ambacho Wajerumani walikiita kijimeli, kikivutwa na gari kwa kebo iliyopita kwenye ufa. Bomba moja lilileta umeme, la pili likaurudisha, na reli zikabaki salama kukanyagwa. Fikra nzuri mno, lakini nzito: kila reli ilipogawanyika, mabomba nayo yalilazimika kugawanyika juu, na kijimeli kifuate njia sahihi. Ndiyo maana ufito mrefu juu ya paa la gari, wenye gurudumu linaloukandamiza waya kwa chini, aliouboresha Sprague, ulienea haraka hivyo, na mabomba yakasahaulika.

"Umeme uliondoa moshi na makaa ya mawe"

Uliuhamisha tu moshi. Umeme wa njia hii ulifuliwa Oberrad kwa injini za mvuke zilizozungusha dainamo. Na si kwa bahati kwamba kituo kilikaa Oberrad, katikati ya safari. Umeme ulikuwa wa mkondo mnyoofu, kama wa betri, wa volti 300 hivi, na umeme wa volti ndogo hupotea njiani kadiri unavyokwenda mbali. Njia nzima haikufika hata kilomita 7, na hata hivyo ilibidi chanzo kiwe kati. SGR ya Tanzania inatumia volti 25,000 za mkondo geu, yaani unaobadili mwelekeo mara kwa mara, na ndiyo sababu moja inayoiwezesha kwenda mamia ya kilomita.

Walioukwepa moshi kweli ni Portrush: wao walifua umeme kwa maji ya mto Bush.

"Ilikuwa safari ya starehe"

Wenyeji waliipa jina la Knochenmühle, yaani kinu cha kusaga mifupa. Reli zilikuwa nyembamba, zikiachana mita 1 tu, na mtikisiko ulimfikia kila abiria. Sitaki tuwacheke. Walikuwa wanajaribu kitu ambacho hakikuwa na mfano wa kunakili.

"Ilikuwa tramu ya ndani ya jiji"

Ilivuka mpaka wa dola mbili za Ujerumani ya wakati huo. Frankfurt ilikuwa chini ya Prussia tangu 1866, Offenbach ilikuwa mji wa Hesse. Baadaye miji yenyewe ikaichukua njia, na miaka ya 1906 na 1907 ikatandikwa upya kwa reli za upana wa kawaida. Tramu ziliendelea kuingia Offenbach hadi 1996, mwaka mmoja baada ya treni za mjini kuanza kupita chini ya ardhi. Leo bado zinapita Oberrad, lakini zikifika mpakani mwa Offenbach zinageuza.