Chipu mpya haiharakishi kila kitu

Wengi huamini kuwa kishikwambi chenye chipu mpya (kichakataji, yaani ubongo wa kifaa) kitaharakisha kila kazi. Si kweli. iPad Pro, kishikwambi cha Apple, iliyotoka Mei 2024 ina chipu ya M4, yenye nguvu kuliko M1 ya iPad Pro ya mwaka 2021, lakini iPad zote mbili hutumia mfumo wa iPadOS na programu zilezile. Video ya mtandaoni ikikwamakwama, mara nyingi tatizo ni intaneti, na chipu haiongezi kasi ya mtandao. Anayehariri video nzito ataona tofauti, tena kubwa. Msomaji wa vitabu na barua pepe hataiona. iPad Pro ya M4 ilipotoka, bei yake Marekani ilianzia dola 999! Kabla ya kutoa fedha zote hizo, kagua kwanza betri ya kishikwambi chako na nafasi iliyobaki ya kuhifadhi. Kubadilisha betri ni nafuu zaidi.