Je, wajua? Kwa nini stesheni masta wa Kishi alikuwa paka

Mwisho wa reli ya Kishigawa, katika mkoa wa Wakayama kusini mwa Osaka, nchini Japani, kuna stesheni ndogo iitwayo Kishi. Januari 2007 kampuni ya reli iliteua rasmi stesheni masta wake mpya: paka jike wa rangi tatu, nyeupe, nyeusi na chungwa, aitwaye Tama. Alishonewa kofia ya kazi ya kumtosha kichwani, na mshahara wake ukawa chakula cha paka. Utadhani ni mzaha wa watu waliokosa shughuli. Kumbe nyuma yake kulikuwa na hesabu kali ya pesa.

Reli hiyo ina urefu wa kilomita 14.3 na vituo 14, kutoka Wakayama mjini hadi Kishi. Sisi tukitajiwa Japani tunawaza treni za kasi, lakini huko mikoani reli nyingi zina hali ngumu: kila nyumba ina gari, na watoto wanazidi kupungua, ilhali wanafunzi ni miongoni mwa abiria wa kutegemewa. Kampuni ya Nankai, iliyokuwa ikiendesha njia hiyo, ilikuwa inapata hasara ya takriban yeni milioni 500 kwa mwaka, ikatangaza kujitoa.

Wakazi walikataa katakata. Waliunda chama, wakachangishana ada, wakazibana serikali zao mpaka muafaka ukapatikana. Halmashauri zilichukua ardhi ya reli kwa msaada wa fedha za mkoa, zikaahidi kufidia hasara kwa miaka 10, kwa kiwango chenye kikomo. Kundi la kampuni za Ryobi kutoka Okayama likaunda Wakayama Electric Railway, nayo ikaanza kuendesha treni Aprili 2006.

Kwa kubana matumizi, Kishi ikabaki bila mfanyakazi hata mmoja. Kwenye treni zenyewe dereva yuko peke yake, hana kondakta. Ukipanda unachukua kikaratasi chenye namba ya kituo ulichopandia. Mbele kuna ubao unaoonyesha kila namba inadaiwa nauli kiasi gani. Ukishuka unatumbukiza sarafu pamoja na kile kikaratasi kwenye sanduku lililo ubavuni mwa dereva, naye anakutazama.

Tama alikuwa paka wa duka lililopakana na stesheni. Ardhi ilipobadili mikono, kibanda walichokuwa wakilala paka wa hapo kikatakiwa kuondolewa, na mwenye duka akamwomba rais wa kampuni, Mitsunobu Kojima, awape hifadhi stesheni. Aliomba hifadhi, Kojima akatoa ajira. Kazi ya Tama ilikuwa kuwalaki abiria, yaani kukaa pale na kuonekana, na kwa kazi hiyo sidhani kama yupo binadamu ambaye angemshinda.

Hapa ndipo ninapouona ujanja wenyewe: Kishi ni kituo cha mwisho. Mtalii anayetoka Wakayama mjini kwenda kumwona Tama kwa treni analipa nauli ya njia nzima, na kurudi vilevile. Paka huyo angewekwa vituo viwili tu kutoka mjini, biashara ingekuwa nyingine kabisa.

Kampuni haikumwachia paka mzigo wote. Mbunifu Eiji Mitooka alipamba treni moja kwa stroberi, zao la eneo hilo, nyingine akaijaza vikaragosi vya kuchezea, na mwaka 2009 ikaja treni ya Tama yenye masikio mbele na michoro ya paka ubavuni. Mwaka 2010 jengo la stesheni likajengwa upya kwa umbo la uso wa paka, na kuezekwa kwa magome ya mti kama mahekalu ya kale. Makadirio yaliyotangazwa sana yanasema Tama aliingizia eneo hilo takriban yeni bilioni 1.1. Hata hivyo, wanaosema paka peke yake aliiokoa reli wanawapunja wale wakazi: abiria waliongezeka, lakini ruzuku iliendelea kuhitajika.

Vyeo navyo vilimiminika, mpaka akaingizwa kwenye uongozi wa kampuni. Alipokufa Juni 2015 akiwa na miaka 16, maelfu walihudhuria mazishi yake ya Kishinto, dini ya jadi ya Japani, na sasa ana hekalu dogo hapohapo stesheni, akiheshimiwa kama mungu.

Cheo kilirithiwa na paka mwingine, Nitama, aliyekuwa tayari ameshika kituo cha Idakiso kwenye njia hiyohiyo na kumshikia Tama siku zake za mapumziko. Kulikuwa pia na paka mwanafunzi, Sun-tama-tama, aliyepelekwa Okayama kupata mafunzo. Huko aliyekuwa akimlea akamzoea kupita kiasi, na muda wa kumrudisha ulipofika akagoma kumtoa.