Letaboksingi: kusoma vidokezo kwenye pori la kando ya bwawa

Letaboksingi ni mchezo wa kutafuta kisanduku kilichofichwa porini kwa kufuata maelezo ya maandishi. Ukikipata hukuti zawadi ndani, bali daftari dogo na muhuri wa mpira uliochongwa kwa mkono. Nawe unakuja na daftari lako, muhuri wako na pedi ya wino. Unagonga muhuri wa kisanduku kwenye daftari lako, unagonga wako kwenye daftari la kisanduku, unaandika tarehe na jina lako la mchezo, kisha unafunga na kukirudisha palepale ulipokitoa. Nchi ambayo barua ya mwenyekiti wa mtaa haitembei mpaka igongwe muhuri haihitaji kuelezwa sana kwa nini alama ile ya wino ina raha yake.

Mchezo ulianzia Dartmoor, nyanda za juu zenye miamba na matope kusini magharibi mwa Uingereza. Mwaka 1854 James Perrott, mwongoza wageni wa mji mdogo wa Chagford, aliacha chupa mahali panapoitwa Cranmere Pool ili wageni aliowafikisha huko waweke kadi zao kama ushahidi wa kufika. Kufika kulikuwa kazi kwelikweli, maana eneo lote ni kinamasi. Baadaye watu wakaanza kuacha barua na kadi za posta zenye anwani. Anayefuata kufika akawa anazichukua na kuzituma. Mihuri ikaja baada ya hapo. Marekani mchezo ulienea hasa baada ya makala ya jarida la Smithsonian ya mwaka 1998. Cha kuchekesha ni kwamba Cranmere Pool, kwa jina ni bwawa, lakini ukifika unakuta shimo la udongo mweusi lisilo na maji ya kueleweka. Mtu wa Dodoma anayajua mabwawa ya aina hiyo.

Wengi huuchanganya na jiokashingi, mchezo wa kutafuta visanduku kwa GPS, ambao ni mdogo sana kwa umri: ulianza Mei 2000 huko Oregon, siku moja tu baada ya serikali ya Marekani kuacha kuvuruga makusudi usahihi wa GPS kwa raia. Kwenye jiokashingi unapewa namba za mahali kisanduku kilipo, simu inakupeleka. Kwenye letaboksingi unapewa maneno, na kichwa chako ndicho kinachokupeleka. Kwa maoni yangu tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu mchezo wote umo ndani ya kidokezo. Kisanduku chenyewe kinaweza kuwa kopo la plastiki la kawaida kabisa; kidokezo kikiwa kibovu, umeficha kopo tu.

Kuna vidokezo vya dira na hatua, kuna vya mafumbo, na vingi ni mchanganyiko. Huku tuliolelewa na “Kitendawili! Tega!” nusu ya kazi tunaijua tayari. Tuseme kisanduku kiko kwenye pori la kando ya bwawa moja la mkoani Dodoma, na kidokezo chake kinasema hivi:

“Tuta linapoishia, upe mgongo utoro wa maji. Mtafute mzee mnene anayevua nguo kiangazi, mwenye vigingi ubavuni. Simama penye vigingi, shika nyuzi 120, hesabu hatua 60. Ndugu watatu wamebebana. Mguuni kwa mkubwa, upande jua linakozama, kuna mlango wa jiwe.”

Utoro ni ule mchepuko wa kutolea maji bwawa likifurika, na kwa kawaida umejengwa kwa mawe au zege, kwa hiyo hauhami. Mzee mnene ni mbuyu. Vigingi ndivyo vinavyoutofautisha na mibuyu mingine: ni vipande vya mti vilivyopigiliwa kwenye shina ili watu wapande kuchuma ubuyu au kufuata asali. Nyuzi 120 ni kusini mashariki, karibu na mashariki kidogo kuliko kusini. Ndugu watatu ni mawe ya matale (graniti) yaliyokaa moja juu ya jingine, kama yale yanayoonekana kila mahali ukizunguka Dodoma. Dartmoor nayo ni nchi ya matale, na mchezo umeshikamana na vilima vyake vya mawe, kwa sababu jiwe la namna hiyo halisogei, halioti na haliliwi na mbuzi.

Sasa angalia kilichoachwa. Kidokezo hakisemi “hatua 40 kutoka ukingo wa maji”, ingawa ndicho kitu cha kwanza ambacho mgeni angeandika. Mvua zetu ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, halafu kiangazi kirefu. Kwenye bwawa la bonde lenye mteremko mdogo, kama Hombolo, maji yakipungua ukingo unarudi nyuma umbali mkubwa na kuacha uwanja wa tope lililopasuka. Hatua 40 za Aprili na hatua 40 za Oktoba ni sehemu mbili tofauti kabisa. Pia hakitaji majani, wala nyasi, wala njia ya ng’ombe. Mvua mbili kubwa na njia ya ng’ombe imekuwa korongo.

Kivuli nacho ni mtego, na waliojifunza mchezo kwa maelezo ya Ulaya hunaswa hapo. Uingereza jua la mchana kati daima liko kusini, kwa hiyo kivuli huelekea kaskazini mwaka mzima. Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini mwa Ikweta. Kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba jua la mchana kati, ambao kwetu huangukia karibu saa sita na nusu kwa saa ya mkononi, linakuwa upande wa kaskazini na kivuli kinaanguka kusini. Miezi iliyobaki inakuwa kinyume. Ukiandika “fuata kivuli cha mwamba mchana” umeandika vidokezo viwili vinavyopingana.

Kuhusu hatua: wapo wanaohesabu kila mguu unapogusa ardhi, wapo wanaohesabu mguu wa kulia tu, hivyo 60 za mmoja ni 120 za mwingine. Mwandishi mzuri husema anahesabu vipi. Dira ina ukatili wake pia. Ukikosea nyuzi 5 tu, baada ya mita 100 umepotoka karibu mita 9, na kwenye vichaka vya migunga mita 9 zinatosha kukuficha hata tembo. Isitoshe, migunga haikuruhusu kunyoosha. Njia ni kushika uelekeo, kuchagua kitu cha mbali kilicho kwenye mstari huo, mkwaju fulani au kichuguu, kisha kuzunguka miiba upendavyo hadi ukifikie. Na kama unatumia dira ya simu, sogea mbali na pikipiki iliyokuleta. Chuma chake kinaivuruga.

Mlango wa jiwe haufunguliwi kwa mkono. Tumia fimbo. Nge hukaa chini ya mawe ya namna hiyo, na kifutu hulala kwenye majani makavu bila kujitikisa hata ukimkaribia. Mibuyu yenye mashimo huwa na nyuki, ndiyo maana kisanduku hakifichwi ndani ya mbuyu hata kama shimo linavutia. Majini usiingie bila sababu; kichocho kipo kwenye maji yaliyotulia, na hakuna kidokezo cha maana kinachokutaka uloweshe miguu.

Kuna jambo jingine ambalo maelezo ya Dartmoor hayana, nalo hapa kwetu ni zito kuliko nyoka. Fikiria mama anayechota maji bwawani anakuta chini ya jiwe kopo lililofungwa vizuri, ndani mna daftari lenye majina ya ajabu na alama za wino mwekundu. Hatasema “huu ni mchezo”. Atasema kuna mtu ametega kitu, au anataka kuharibu maji, na jioni kijiji kizima kitakuwa kwenye mkutano. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Kwa hiyo kabla ya kuficha, nenda ofisi ya kijiji, amkia wazee, mweleze mwenyekiti na mtendaji, waonyeshe muhuri na daftari. Kaa mbali na mahali pa kuchotea maji, makaburi na miti inayoheshimiwa. Juu ya kopo andika kwa Kiswahili kinachosomeka: “Hiki ni kisanduku cha mchezo. Hakina dawa wala sumu. Mwenyekiti wa kijiji anafahamu.” Kama pori ni msitu wa hifadhi, ruhusa ni ya wanaousimamia, na kwa misitu ya serikali kuu hao ni TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kwenye miamba yenye michoro ya kale ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, usifiche kitu kabisa.

Watoto wanaochunga mbuzi watakiona kisanduku chako ndani ya wiki, ufiche utakavyoficha. Hakuna haja ya kushindana nao. Wafundishe kuchonga mihuri yao, na wao ndio watakaokilinda.

Kuchonga ni rahisi. Kifutio kikubwa cha shule kinatosha, au kipande cha soli ya ndala, pamoja na wembe. Chora umbo kwa penseli kwenye karatasi, ligeuze juu ya kifutio, sugua, mchoro unahamia ukiwa umepinduka, ndivyo unavyotakiwa kwa sababu ukigonga unanyooka tena. Ondoa sehemu zisizotakiwa kupokea wino, kwa kukata mshazari kwenda nje ili mistari myembamba isikatike. Chonga mbuyu, zabibu, ndege, chochote, ila usiguse nembo ya taifa wala kitu kinachofanana na muhuri wa ofisi. Hapo utakuwa umetoka kwenye mchezo na kuingia kwenye kughushi.

Daftari na muhuri hukaa kwenye mifuko miwili ya plastiki tofauti, ili wino usichafue kurasa. Kopo likaguliwe kabla mvua hazijaanza, Novemba hivi, na tena zikiisha. Tegemea kwamba siku moja utakuta halipo, kwa kuwa kopo zuri lenye mfuniko linafaa sana kuwekea chumvi. Likipotea na huna mpango wa kuweka jingine, ondoa kidokezo kila mahali ulipokitangaza, mtu asije kutoka mjini mpaka bwawani kutafuta ndugu watatu wasio na kitu miguuni.