Njia ya dawa: kwa nini kidonge na sindano havifiki mwilini sawa

Njia ya dawa ni mlango ambao dawa inaingilia mwilini: mdomo, mshipa, msuli, haja kubwa, mapafu. Mlango huo ndio unaoamua dawa itafika kiasi gani kwenye damu, na baada ya muda gani. Mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi inapotia nanga, watu husema sindano ina nguvu kuliko kidonge. Dawa ni ileile. Tofauti ni kinachopotea njiani.

Dawa ya kumeza hufyonzwa utumboni, na damu ya utumbo hupita kwanza kwenye ini kabla ya kufika moyoni. Ini huvunja sehemu yake. Ndiyo maana miligramu 10 za morfini ya sindano hulingana na takriban 30 za kumeza.

Prazikwanteli, dawa ya kichocho, huvunjwa na ini kwa wingi sana. Hata hivyo inawaua minyoo wa kichocho cha tumbo, kinachowasumbua watu wa Ukerewe na Ukara, visiwa vya Ziwa Victoria, kwa kuwa minyoo hao wanaishi ndani ya vishipa vya damu vya utumbo, yaani kabla ya ini. Dawa inawakuta ingali nzima. Dozi ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito: mtu wa kilo 60 humeza vidonge 4 vya miligramu 600. Ale kwanza, maana tumbo likiwa tupu dawa hufyonzwa kidogo.

Dawa ya pumu ya kuvuta hutua mapafuni moja kwa moja, hivyo mikrogramu 100 au 200 za salbutamoli hutosha. Kidonge cha miligramu 4 hutetemesha mikono na kuufanya moyo uende mbio.

Sindano ya mshipa hufikisha dozi yote mara moja, na ukikosea huwezi kuirudisha. Penisilini ya benzathini ni ya msuli tu, ambako huyeyuka taratibu kwa wiki 3 hadi 4. Ikiingia mshipani inaweza kusimamisha moyo, kwa hiyo muuguzi huvuta bomba kidogo kwanza. Akiona damu, hasukumi dawa.

Mtoto wa kisiwani mwenye malaria kali hawezi kumeza, na mtumbwi una masaa mbele yake. Akiwa chini ya miaka 6, huwekewa artesuneti njia ya haja kubwa, miligramu 10 kwa kilo. Matako yabanwe dakika 10. Ikitoka kabla ya dakika 30, iwekwe nyingine. Hata akichangamka njiani, safari iendelee: bado anahitaji sindano za artesuneti hospitalini, kisha dawa mseto ya siku 3.