Kikazaki si Kituruki chenye lafudhi

Wiki hii nimepata barua pepe ya tatu tangu muhula uanze, na zote tatu ni kama zimeandikwa na mkono mmoja. "Mwalimu, nimesoma Kituruki miaka miwili. Nimeambiwa Kikazaki ni kilekile, tofauti ni lafudhi tu. Naomba niingie darasa la mwaka wa pili." Wanafunzi siwalaumu, wameambiwa hivyo na watu wazima wenye ofisi. Lakini kwa miaka yote niliyofundisha lugha hizi mbili, ya Uturuki na ya Kazakhstan, hapa Marekani, imani hii imenivurugia wanafunzi wazuri wengi. Tena ndiyo inayoletwa mezani kila madarasa madogo yanapotafutiwa sababu ya kufungwa: ya nini mwalimu wa Kikazaki, na wa Kituruki yupo?

Undugu upo, siukatai. Chukua neno la Kituruki evlerimizden, "kutoka katika nyumba zetu": ev ni nyumba, -ler ni wingi, -imiz ni "-etu", -den ni "kutoka". Kikazaki kinasema üilerimizden. (Kwa kawaida huandikwa kwa herufi za Kikirili, kama za Kirusi, hapa natumia za Kilatini ili tusomane.) Mofimu kwa mofimu, yaani kipande kwa kipande, safu ni ileile. Sisi wa Kiswahili mambo haya hayatutishi, tumezoea kupachika, ila wao wanapachika nyuma tu. Hata utangamano wa irabu, yaani irabu ya kiambishi kufuata ya mzizi, tunao kama wao. Nani alikukalisha chini akakwambia useme pigia lakini somea? Ulimi ulijua wenyewe.

Sasa ni undugu wa kiasi gani? Katika familia ya lugha za Kiturki, Kituruki kimo katika tawi la Oghuz, pamoja na Kiazerbaijani na Kiturukimeni. Kikazaki kimo katika tawi la Kipchak, pamoja na Kikirgizi na Kitatari. Ukitaka kuupima, fikiria Kiswahili na Kizulu. Mtu kule ni umuntu, tatu ni -thathu, maji ni amanzi, kula ni ukudla. Unasikia jamaa yako anaita kwa mbali. Lakini shuka Durban usikilize wazee wawili wakibishana, uone umeambulia nini. Hakuna anayemshauri Mswahili aanze Kizulu mwaka wa pili. Hata chuo cha Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, kinachofunza wanadiplomasia, kinakadiria wiki 44 za Kituruki na wiki 44 za Kikazaki, kila kimoja na zake. Kiswahili wamekipa 36.

Sauti nitazipita haraka, kwa sababu zina kanuni na kanuni hushikika. Y ya mwanzo wa neno inakuwa j: yol, njia, ni jol. Ş (sh yetu) inakuwa s, ç (ch yetu) inakuwa ş: beş ni bes, üç ni üş. Baş, kichwa, ni bas. Ndilo lililomo ndani ya onbaşı, mkuu wa kumi, cheo ambacho askari wa Wajerumani Tanganyika walikiita ombasha. Wiki mbili zinatosha. Viambishi ndivyo vinavyosumbua. Wingi wa Kituruki una maumbo mawili, -lar na -ler. Wa Kikazaki una sita, kwa sababu konsonanti ya kiambishi inafuata sauti iliyotangulia: balalar, watoto, qyzdar, wasichana, attar, farasi. Nilikuwa na mwanafunzi, msichana mwenye bidii kweli, aliyeandika qyzlar na atlar muhula mzima. Kanuni aliijua, angeweza kukufundisha. Ila mkono wake ulikuwa umeshajifunza Kituruki, na mkono hauambiwi mara moja ukasikia.

Msamiati nao una mambo yake. Kuanzia 1932 Waturuki walifanya kazi kubwa ya kuondoa maneno ya Kiarabu na Kiajemi, wakaweka ya kwao. Mwalimu kwao leo ni öğretmen, shule ni okul. Wakazaki wanasema muğalim na mektep. Hilo la kwanza wewe msomaji umelitambua kabla ya mwanafunzi wangu wa miaka miwili. Hata "asante" hataweza kukisia: teşekkür kwa huyu, raqmet kwa yule. Makala ni maqala, kitabu ni kitap, habari ni habar. Mtoto wa Lamu anaanza na akiba ambayo hakujua anayo.

Nije kwenye jambo linalonikera hasa, vitenzi saidizi. Mturuki anayesoma kitabu anasema kitap okuyorum, basi. Mkazaki lazima achague: kitap oqyp otyrmyn, nasoma nimekaa. Ana vitenzi vinne vya kuchagulia: otyr, kukaa, tur, kusimama, jat, kulala, jür, kutembea. Universitette oqyp jürmin maana yake nasoma chuo kikuu siku hizi, ndiyo shughuli yangu, hata kama sasa hivi niko sokoni. Mtu akikupigia simu akasema kütip turmyn, anakusubiri, mara nyingi yuko wima mahali fulani, na afadhali ufanye haraka. Akisema kütip otyrmyn, amepata kiti.

Kituruki kiliwahi kupita njia hiyo. Lile -yor la okuyorum limetokana na kitenzi cha zamani cha kutembea, ndugu wa damu wa jür. Limechakaa likawa kiambishi tu, kama -ta- yetu iliyotokana na "taka", na leo hakuna anayesikia kutaka ndani ya "mvua itanyesha". Kwa hiyo mwenye Kituruki anafika kwenye vitenzi vinne vilivyo hai akiwa na kimoja kilichokufa, na kila mahali anabandika jatyr, umbo la jat, kwa kuwa kitabu cha kiada kimemwambia ndilo umbo la kawaida.

Mbaya zaidi ni pale kitenzi kilekile kinapomdanganya. "Kupa" kwa Kituruki ni vermek, kwa Kikazaki ni beru. Yazıverdim ya Kituruki: niliandika chapchap, bila kujisumbua. Jazyp berdim ya Kikazaki: nilimwandikia mtu, kwa faida yake. Na jazyp aldym, pamoja na alu, "kuchukua", ni kujiandikia mwenyewe. Hii si chapchap hata kidogo, hii ni kauli yetu ya kutendea! Nimekaa na vijana wenye Kituruki safi wakisoma barua ambamo mjukuu anamwandikia nyanya asiyejua kusoma, wakaitafsiri kana kwamba mjukuu alilipua kazi. Wema wote wa barua ukapotea kwenye herufi nne.

Shaka zangu ninazo. Ukiuliza kwa nini mvua inasimama, maana jañbyr jauyp tur ndivyo wanavyosema mvua inanyesha, sina jibu la darasani linaloniridhisha. Nasema "izoee", na kila mwaka napata uzito kusema hivyo. Alfabeti vilevile. Kikirili kilianza 1940 na kina herufi 42; amri ya kuhamia Kilatini ilitolewa 2017, na tangu hapo herufi zimerekebishwa zaidi ya mara moja. Nafundisha Kikirili kwanza kwa sababu vitabu viko huko, huku nikijua huenda nawapa vijana mwandiko ambao watoto wao hawatauhitaji. Tena, mwenye Kituruki hukimbia miezi mitatu ya kwanza kisha hukwama. Asiye nacho huja taratibu, na mwisho wa mwaka huwa wamelingana. Nimeliona hili mara nyingi kiasi cha kunitia wasiwasi, lakini darasa la watu watano si ushahidi wa kusimama nao mahakamani.

Huyo wa tatu nimemjibu aje mwaka wa kwanza. Kazi yake ya mwanzo itakuwa sentensi moja, "ninakusubiri", aiseme kwa vile vitenzi vinne, kila kimoja na hali yake, na kila mara aniambie huyo anayesubiri anafanya nini na miguu yake.